Asubuhi Niliyoshindwa Kufunga Viatu Himalaya

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wengi hapa Kibugu mnanijua kama kijana wa maswali, yule aliyerudi kutoka chuo kikuu na fizikia kichwani akaacha kuja kanisani. Maswali bado ninayo. Leo nimekuja na jambo lililonitokea.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda Mlima Kirinyaga. Mgeni mmoja niliyempandisha mara mbili alinialika tupande naye Himalaya, kilele kinachouzidi mlima wetu kwa karibu kilomita mbili, tukiongozwa na watu wa kule. Nilikitaka kile kilele kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilijiambia nikikifikia, hakuna atakayeniita tena mbeba mizigo mwenye digrii.

Ndugu zangu, kule nilikuwa peke yangu kwa namna ambayo sikuijua. Mgeni wangu aliugua tumbo akarudishwa wiki ya kwanza. Nikabaki na wapandaji wengine sita, wageni wa nchi moja, waliozungumza lugha yao mezani. Walikuwa wema. Walinipitishia chumvi, wakatabasamu, wakaendelea na maongezi yao. Siku nzima iliweza kupita bila mtu kulitaja jina langu. Nilianza kujisemesha Kiembu hemani, nisikie tu sauti ya nyumbani. Aliyenizungumzisha ni Pasang, kiongozi wetu, mtu mfupi mwenye utani. Aliniita bhai, yaani mdogo wangu kwa Kinepali.

Kambi ya pili kichwa kikaanza kuniuma. Sasa, sisi waongozaji na wapagazi wa huku tuna mtindo wetu: mbele ya mgeni hatuumwi. Ukiumwa unavuta kofia chini, unanyamaza, unabeba. Kirinyaga mtindo huo hupita, kwa sababu keshokutwa uko msituni unateremka. Kule tulikuwa tunakaa juu siku baada ya siku, na hewa nyembamba huzidi kumdhuru anayeumwa.

Kila asubuhi Pasang alikuja na kile kifaa kinachobana kidole na kupima oksijeni mwilini. Ujanja wa kukidanganya naujua. Nikisikia hatua zake kwenye theluji, nilivuta pumzi za haraka haraka, na namba ikapanda.

"Simba wa Afrika amelalaje?"

"Kama mtoto."

"Mbona chai hukumaliza?"

"Hiyo mnaita chai, kaka? Njoo kwetu uone majani."

Alicheka, akaenda hema lingine. Mimi nikageuka nikatapika kwenye mfuko.

Siku ya nne tulipaswa kupanda kambi ya tatu. Wenzangu walitangulia na kiongozi wa pili. Niliketi mlangoni pa hema kufunga vile vyuma vyenye meno tunavyovaa chini ya viatu kwenye barafu. Nimevifunga miaka mingi. Nikavaa cha kushoto mguu wa kulia. Nikavua, nikarudia kosa lile lile. Mara ya tatu nikaogopa, nikaamua kujipima: taja ndugu zako wa tumbo moja. Tuko watano. Nilifika wa nne nikakwama. Kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni, jina lake halikuwepo.

Nilikuwa nimeiamini akili yangu peke yake, na ndiyo ilikuwa inaniacha. Na hakuna aliyejua, kwa sababu niliwaficha wote. Nikasema kwa Kiembu, bila ufasaha wowote: Mungu, kama uko, nifungue mdomo. Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Lakini Pasang alipofika, maneno yalitoka kabla sijayapanga.

"Pasang, nimekudanganya siku nne. Siwezi kufunga viatu."

Alinishika kidevu, akaniangalia machoni. "Bhai, wale wengine nawachunguza. Wewe niliamini namba na maneno yako tu. Nilikuona mwenzangu wa kazi." Halafu akasema, "Mjinga wewe. Simama, tunashuka."

Alinivalisha oksijeni, akanifunga kwa kamba yake, tukashuka mchana kutwa. Nilianguka mara nyingi, na kila mara ile kamba ilinishika. Karibu na kambi ya chini jina la yule dada yangu kitinda mimba likarudi. Wanja. Nililisema kwa sauti huku nikilia, na Pasang akalirudia ingawa hakujua ni la nani.

Ndugu zangu, daktari alisema nilipona kwa sababu niliteremka mapema, na ni kweli. Sikuja kubishana naye. Ninachouliza ni hiki: mtu mwenye kiburi kama changu, nani alimfungua mdomo? Nimelizungusha swali hilo miezi mitano, na kila njia inanirudisha kwa Yule niliyemwomba bila kumwamini. Ninamshukuru mbele yenu.

Sikufika kileleni. Upweke nao haujaisha wote. Kuna siku unanikuta hata nikichuma chai na mama. Lakini Jumatatu napanda Kirinyaga na wageni, na jana niliwaambia wapagazi wangu kwamba anayeumwa aseme, nami nitamshusha mwenyewe. Walinicheka. Baadaye wawili walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake.

Nawe kama una jambo umelificha, mwambie Mungu, hata kama humwamini vizuri. Kisha mwambie mtu. Ibada ikiisha nitakaa pale nje kwenye benchi, na sina haraka ya kwenda nyumbani.