Mama Tecla, Msomaji wa Nyoka

Marehemu Tecla Chelang'at alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 huko Kiptere, mtoto wa nne wa wakulima wa majani chai. Nanyi mnaonong'ona kule nyuma ya hema: hapana, hakuumwa na nyoka. Tutafika huko.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu mmoja aliua nyoka watatu chooni. Tecla akamwambia hawana sumu, wanakula panya tu. Alichapwa viboko vitatu, kimoja kwa kila marehemu.

Mwaka wa 1979 alianza kuchuma chai, na humo shambani ndimo alimomjua kifutu, nyoka mnene anayelala kama kuni, na swila anayetema sumu machoni. Dorine, bintiye, alipomnunulia simu ya kamera mwaka wa 2014, picha za nyoka zikaanza kuingia kutoka Roret hadi Kapkatet, watu wakiuliza ni nyoka gani. Sheria zake zilikuwa mbili. Simama hatua sita mbali na nyoka: "Wacha simu ndiyo isogee, si wewe." Na ukiumwa, hospitali kwanza: "Usiningoje. Mimi si dawa." Thuo mwenye duka, baba yake Jecinta, alituma picha. "Baba Jecinta, hiyo ni kamba ya ng'ombe," alimjibu. "Lakini usiiguse. Nikikosea, utakayejua ni wewe."

Aliolewa na Mzee Kipkurui tarehe 15 Desemba 1984. Mzee alikuja kuposa na nyoka aliyempondaponda kichwa, ati aonekane mwanaume. "Sasa nitamsoma wapi?" msichana akauliza. "Umeniletea barua umechoma maandishi." Aliporudi mikono mitupu, alikubaliwa.

Wazee wetu husema nyoka akiingia nyumba ya mtoto mchanga ni babu amekuja kusalimia, amwagiwe maziwa. Mama alimwaga, lakini akiwa mlangoni, mtoto ametolewa nje. Mchungaji alimuuliza sababu. "Kama ni babu, atakunywa aende. Kama si babu, mlango uko nyuma yangu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana. Kitandani hakuuliza habari za figo. Aliuliza ni nani atakayejibu picha. Aliogopa mtarudia kuwapiga nyoka mawe. Alituacha tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jana wachimba kaburi walikuta nyoka wa kahawia amejikunja kando ya udongo. Kuria, jirani yetu, akainua jembe.

"Ngoja kwanza," Mzee Kipkurui akasema. "Tumuulize Mama."

Picha ikapigwa, ikatumwa. Simu ya Mama ikalia ndani ya mkoba wa Dorine.

Tulisimama hatua sita, kama watu wanaongoja jibu. Tukiwa bado tunangoja, nyoka akajikunjua, akaingia zake kwenye majani chai. Kuria akaweka jembe chini.

Mama ameacha mume, watoto watatu, Dorine, Kipkosgei na Noah, wajukuu watano, na picha kumi na saba ambazo hazijajibiwa. Mliozituma, jibu mnalijua.

Yeye apumzike salama; sisi tusimame mbali.