Anselmo Ndunguru na Trekta la Mama Ngcobo

Baba Paroko, shemeji yangu Scola, watoto, ndugu Watanzania na Wakongo wa Durban, nanyi majirani mliofika kutoka Isipingo, mimi ni Tito Ndunguru, mdogo wake Anselmo, na familia imenikabidhi kuwasomea maisha ya kaka yangu, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 30 Oktoba 1999.

Anselmo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Litembo, Mbinga, kusini mwa Tanzania, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Cyprian Ndunguru na marehemu Mama Odila Kapinga, wakulima wa kahawa. Alianza shule hapohapo Litembo mwaka 1957, na mwaka 1966 akaingia shule ya ufundi ya misheni, akahitimu ufundi wa magari na mitambo Novemba 1968.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika shamba kubwa la mahindi karibu na Songea, akatengeneza matrekta huko hadi shamba lilipofungwa mwaka 1993, na ni katika miaka hiyo, tarehe 9 Septemba 1972, alipofunga ndoa na Scola Komba, wakajaliwa watoto watatu, Clara, Japhet na Odette, ambaye Mungu alimchukua akiwa bado mchanga mwaka 1981. Kaka hakupenda kuzungumza habari za Odette, ila kila Novemba aliomba misa kwa jina lake.

Agosti 1995 alikuja Durban, shemeji akamfuata mwaka uliofuata, wakapanga chumba Greyville, na kaka akafungua gereji ya uani kule Isipingo pamoja na Athanase, ndugu yetu wa Bukavu, ambaye amekaa pale mbele.

Wengi wenu mlimfahamu kaka kwa sababu ya trekta la Mama Ngcobo, na mama huyo mwenyewe ameniomba nilisimulie jambo hilo lote bila kuficha. Mama Ngcobo analima miwa kwenye vilima vya juu ya Isipingo, na mwaka 1996 mumewe alifariki baada ya trekta lao kuukuu kuchomoka gia kwenye mteremko, tela la miwa likalisukuma kwa nyuma, likapinduka. Tangu siku ile hakuna dereva aliyekubali kulipanda, miwa ikabaki shambani, na jamaa za mumewe wakamwambia kwamba akishindwa kuvuna, shamba watalichukua wao. Juni 1997 alikuja gerejini, akakataa kiti, akasema, "Mafundi wote wananiambia nilitupe. Wewe niambie ukweli tu, kwa nini lilimuua?"

Kaka alikwenda naye, akaangalia klachi, akaikuta nzima, kisha akafungua mfuniko wa giaboksi, akakuta springi ya kushikilia gia imechoka, na ule uma unaosukuma gia umelika upande mmoja, hivyo gia ilikuwa ikiingia nusu, na mzigo ukisukuma kwenye mteremko inaruka na kurudi nyutro, trekta linabaki bila gia. Akamwambia, "Mama, mumeo hakukosea. Gia haikuingia sawasawa, na pale alipokaa asingeweza kujua." Mama Ngcobo alikaa chini kwenye nyasi akalia, kwa maana tangu msiba ule watu walikuwa wakisema marehemu alikuwa amelewa.

Walibadilisha uma na springi, wakaliendesha likiwa tupu, gia zikaingia vizuri, Athanase akasema, "Mzee, iko bien, tumurudishie mama trekta yake." Kaka akajibu, "Bado. Halijashuka na mzigo." Akapakia miwa, akamkataza Athanase kupanda, akashuka peke yake, na katikati ya mteremko gia ikachomoka tena, tela likaanza kumsukuma, akakata usukani akaingia ndani ya miwa iliyosimama, ndiyo iliyomzuia, akatoka ameumia mbavu. Mama Ngcobo alikuja mbio akipiga kelele, "Eish, Baba, basi! Liuzwe chuma! Sitaki kuzika mtu mwingine!"

Shemeji anasema kaka alirudi nyumbani akakiri kwamba aliogopa sana. Lakini kesho yake alirudi, na safari hii akaishusha giaboksi nzima, akakuta beringi ya shafti imekwisha, mzigo ukisukuma shafti inacheza mbele na nyuma, inaitoa gia hata kama uma ni mpya. Akamwambia Athanase, "Nilitengeneza kile nilichokiona kwanza, nikaridhika mapema."

Beringi ilipobadilishwa, alishuka na kupanda mteremko ule na tela limejaa, tena na tena, gia isitoke. Ndipo Mama Ngcobo akaomba afundishwe, na baada ya majuma machache akaliendesha mwenyewe mbele ya nyumba za wakweze, akapita pale mumewe alipofia, hakusimama. Miwa ilivunwa, na shamba ni lake hadi leo.

Machi 1999 kaka alianza kuvimba tumbo, madaktari wakasema ni ini, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, Scola na Clara wakimuuguza, hadi Ijumaa tarehe 22 Oktoba, asubuhi, alipokata roho. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Greyville waliokesha nasi, Athanase na mafundi wenzake, na Mama Ngcobo, aliyekuja kila wiki na chakula, mgonjwa akala hata alipokataa cha kwetu.

Wako waliouliza kwa nini hatumpeleki Litembo. Siku chache kabla hajatutoka alimwambia mkewe, mimi nikiwa nimesimama hapo, "Nilitaka kulala karibu na mama yangu, lakini wewe uko huku. Nizikeni mahali unapoweza kufika kwa taxi moja."

Tumefanya hivyo, kaka. Pumzika sasa, na amani ya Bwana iwe nawe. Jumapili shemeji atakuja kukuona.