Arlys Tveten na Bahasha Iliyochelewa

Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, saa kumi na nusu alasiri, Bi. Arlys Tveten atafunga droo ya meza yake katika Ofisi ya Uchaguzi ya Kaunti ya Haldane, na safari hii hatarudi kuifungua Jumatatu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba ya utumishi, chini ya makatibu watano wa kaunti, katika majengo mawili, na kwa mashine za kuhesabia kura za aina nne. Mbili kati ya hizo hazikufanya kazi mpaka azipige ngumi ubavuni.

Aliajiriwa Juni 1989 kuwa mpiga chapa wa muda wa wiki sita. Aliyemwajiri alisahau kumwambia kuwa wiki sita zimekwisha, naye Arlys hakuona sababu ya kumkumbusha. Mwaka 1996 alikabidhiwa daftari la wapiga kura, na mwaka 2004 akawa Msimamizi wa Uchaguzi, cheo anachokiacha sasa. Amesimamia chaguzi sabini na nne, ukiwemo ule wa bodi ya maktaba uliovutia wapiga kura kumi na tisa, wanane wao wa ukoo mmoja. Anasema ndio uchaguzi pekee uliompa nafasi ya kula chakula cha mchana.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kukumbushwa kuwa Wilaya ya Tisa ya Baraza la Wawakilishi la jimbo letu iko yote ndani ya kaunti hii, wala kwamba haijawahi kumpa mtu ushindi wa kupumulia. Kila baada ya miaka miwili watu wa mashariki ya ziwa huvuta huku, wa magharibi huvuta kule, na mshindi hupita kwa kura zisizojaza basi la shule. Mabango huota kwenye nyua kabla mahindi hayajavunwa. Ndugu hununiana hadi Sikukuu ya Shukrani, kisha hukaa mbele ya bata mzinga mmoja na kuanza upya.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo Arlys alijiwekea miiko yake mwenyewe. Kwa kuwa chama kimoja hapa ni chekundu na kingine ni cha bluu, ikifika Oktoba mosi huvaa koti la kahawia, lile lile tangu mwaka 1993, na halivui mpaka matokeo yaidhinishwe. Pai ya stroberi haiingii ofisini msimu huo, wala ya bluberi. Inaruhusiwa ya boga tu. Mwaka mmoja mwandishi wa maneno haya, akiwa msaidizi mpya asiyejua kitu, alikuja na soksi nyekundu. Alifanya kazi siku nzima miguu mitupu ndani ya viatu, na ilikuwa imeanguka theluji.

Hivyo hakuna aliyewahi kujua Arlys anampigia nani, hata mumewe Orrin, mwenye duka la chambo pale ziwani. Tulimuuliza Orrin katika tafrija ya Krismasi, baada ya kumlainisha kwa glasi mbili. "Mke wangu namjua mpaka anachoota," alisema. "Anaota mashine imekwama. Lakini kura yake? Jamani, miaka arobaini ya ndoa, naionea wivu hiyo karatasi."

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa miaka minne iliyopita. Kuusimulia wasifu huu bila ule uchaguzi ni kusimulia harusi bila bibi harusi, na Arlys mwenyewe ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba tuuseme wote.

Gordy Nyquist, fundi wa matrekta aliyekuwa akikishikilia kiti cha Wilaya ya Tisa, alikuwa anachuana na Corliss Ahlvers, dereva wa basi la shule. Wote wawili ni watu wa hapa. Gordy amemtengenezea Corliss basi, Corliss amewabeba watoto wa Gordy. Kampeni ilikuwa ya kutaniana zaidi kuliko kutukanana. Gordy alipita akisema, "Huyu mama dereva mzuri, msimtoe barabarani!" na Corliss akajibu kutoka dirishani mwa basi, "Na wewe rudi gereji, trekta la mzee Rask linakohoa tangu Pasaka!"

Siku ya kura Arlys alifika ofisini alfajiri. Karatasi yake alikuwa ameijaza nyumbani Jumapili, akaifunga katika bahasha na kuisaini kwa nje, ili aikabidhi kaunta kama wafanyavyo wote wanaopiga kura kabla ya siku yenyewe. Bahasha aliitia ndani ya kopo lake la chakula, chini ya sandwichi ya samaki. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye wa kuonyesha mfano, akabandika kifuani kile kibandiko kidogo kisemacho "Nimepiga Kura".

Nadhani mnaona tunakoelekea. Umeme ulikatika katika vituo viwili. Mashine ya kituo cha Brandvik Corner ikameza karatasi tatu na kugoma kuzitapika. Arlys alizunguka kaunti nzima akiendesha gari kwenye theluji, na kopo la chakula halikufunguliwa. Kinyozi hajinyoi. Jioni, saa mbili na dakika mbili, wakati mwisho wa kupokea kura ni saa mbili kamili, mzee Halvard Rask, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliingia akihema na bahasha yake mkononi. Ndama alikuwa amezaliwa kombo. Arlys alitazama saa ya ukutani, akamtazama mzee, akagonga muhuri wa "Imechelewa".

"Dakika mbili tu, Arlys!" mzee alilalamika.

"Dakika mbili ni dakika mbili, Halvard. Ndama hajambo?"

"Hajambo. Anaitwa Arlys sasa, maana naye ana kichwa kigumu."

Asubuhi iliyofuata Orrin alifungua kopo la mkewe aoshe. Akachungulia. "Mama," akasema, "samaki wako amekuja na barua."

Arlys alikaa chini palepale jikoni. Wakati huo Corliss alikuwa mbele kwa kura tatu, kwa hiyo bahasha moja isingebadilisha kitu, na aibu ilikuwa yake peke yake. Aliileta ofisini akaifungia kwenye droo. Lakini wiki mbili baadaye kura zilihesabiwa upya kwa mkono, moja moja, mawakala wa vyama wakichungulia kila karatasi. Zile tatu zilizomezwa Brandvik Corner, ambazo fundi alikuwa amezitoa salama, zikaonekana kuwa za Gordy. Jumla ikatoka 6,118 kwa 6,118.

Ikumbukwe kuwa vyama vilikuwa vimelingana viti katika Baraza zima. Kiti chetu ndicho kilichobaki kuamua nani atalishika rungu la Spika. Magari ya televisheni yalijaa uwanja wa mahakama mpaka muuza kahawa akapandisha bei. Na kwenye droo ya Arlys, kwa ufunguo wa Arlys, kulikuwa na kura moja.

Alikuwa na muhuri wa saa mezani. Kuurudisha nyuma muhuri ule ni kazi ya kidole gumba. Alinieleza baadaye kwamba aliutazama kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa, na kahawa ikaisha, na hakujipenda kwa kuwa alikuwa ameutazama. Wala kukaa kimya hakukuwa kugumu: angeichana ile bahasha, nasi tungemwona mwema hadi leo. Miaka thelathini na tatu ya jina safi ilikuwa kwenye mizani. Upande wa pili palikuwa na sandwichi.

Bodi ya kuidhinisha matokeo ilipokutana katika ukumbi wa chini wa mahakama, Arlys alisimama ndani ya koti lake la kahawia na kuiinua bahasha watu wote waione.

"Hii ni kura yangu," alisema. "Nilivaa kibandiko, kura sikuikabidhi. Niliwadanganya siku nzima bila kujua, na tangu kesho yake nimejua na nimekaa kimya. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi."

Ukumbi uliripuka. Wanasheria wa vyama vyote viwili, waliotoka mjini na viatu visivyofaa theluji, waliruka kwa pamoja. Wa kwanza akadai bahasha ifunguliwe. Wa pili akadai Msimamizi afukuzwe, halafu bahasha ifunguliwe. Ndipo kila mmoja akamgeukia mwenzake wa karibu kunong'ona, na nikaona nyuso zikibadilika. Huyu kura yake ni ya nani? Hakuna aliyejua. Wakamtazama Orrin. Orrin akainua mabega. Wakalitazama koti. Koti lilikuwa la kahawia. Baada ya dakika tano wanasheria wote wawili walisimama tena na kutangaza kwa heshima kubwa kwamba wateja wao hawaombi bahasha ifunguliwe.

Ninaomba radhi kwa kulisema hili katika jarida rasmi, lakini nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na bado nacheka. Watu waliokuwa tayari kushitakiana kwa nukta ya wino waliiogopa karatasi moja, kwa sababu mwenye karatasi alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno.

Arlys hakucheka. Alisema hata wangeomba asingekubali, maana sheria ni ile ile, saa mbili usiku. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, lakini yeye aliupokea. Mzee Halvard Rask alinyanyuka kutoka safu ya nyuma, kofia mkononi. "Basi yako ilale na yangu," alisema. "Zitapashana joto." Arlys aliichukua bahasha yake, akaigonga muhuri wa "Imechelewa" mbele ya kamera zote, akaiweka juu ya ile ya Halvard. Hapo ndipo alipolia, kidogo, na akajifuta kwa mkono wa koti.

Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kujiuzulu. Mwenyekiti wa bodi ya kaunti aliisoma kwa sauti na kuuliza nani anaunga mkono hoja ya kuipokea. Kila mtu aligundua ghafla kuwa viatu vyake vinahitaji kuangaliwa. Hoja ikafa kwa kukosa wa kuiunga mkono, na Arlys akaambiwa arudi kazini, kuna sare ya kumaliza.

Sare hapa kwetu humalizwa kwa kura ya bahati. Arlys alikataa kuigusa. Orrin alitoa vikopo viwili vipya vya minyoo ya chambo, vinavyofanana, na kofia yake ya manyoya yenye masikio. Majina yakaandikwa, yakatiwa vikoponi, vikopo vikatiwa kofiani. Gordy alivinusa kimoja kimoja. "Havina minyoo kweli?" akauliza. Corliss akamjibu, "Kuna mmoja, atakayeshinda atamkuta huko makao makuu." Wote wawili wakakubaliana achague Halvard Rask, mtu pekee aliyekuwa ameumizwa na sheria sawasawa na Arlys. Mzee akafumba macho, akatoa kikopo, akakifungua. Alikuwa Corliss.

Gordy alimpa mkono, akatoka nje, akakaa ndani ya gari lake muda mrefu. Kesho yake alikuja ofisini na pai ya boga, akaiweka mezani kwa Arlys. Miaka miwili baadaye aligombea tena na kushinda kwa kura mia mbili na kumi. Arlys alipoidhinisha matokeo alisema ni hesabu nzuri, inamruhusu mtu kusinzia.

Bahasha zile mbili zilitunzwa miezi ishirini na miwili, kama karatasi nyingine zote za uchaguzi. Muda ulipotimia Arlys alituita sote kwenye mashine ya kukatia karatasi. Halvard alikuja pia. Zikapita pamoja, zikiwa zimefungwa vilevile. Mtu mmoja, sitamtaja, alijaribu kusoma vipande. Kuteleza si kuanguka, na siku ile sote tuliona mtu aliyeteleza mbele ya dunia nzima amesimama wima kuliko sisi ambao hatukuteleza.

Arlys, umetufundisha kuhesabu mara ya tatu hata mbili za kwanza zikilingana. Umetufundisha kumwuliza mtu habari za ndama wake huku tunamkatalia. Mimi binafsi umenifundisha kukagua soksi. Tunakushukuru kwa miaka yote hiyo, tunamshukuru na Orrin kwa kofia. Ijumaa kutakuwa na pai mbili mezani, ya stroberi na ya bluberi. Utaanza na ipi ni shauri lako, nasi sote tutageuka ukutani.

Nenda ukapumzike, samaki wakushikie ndoana bila kukusumbua, na afya ikufuate mpaka ziwani. Tarehe 3 Novemba, kwa mara ya kwanza tangu 1989, utakuwa mpiga kura tu. Mlango unafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Ukifika saa mbili na dakika mbili, mama, tutakuuliza hali ya Orrin, na tutakukatalia.

Delmar Wickstrand
Msaidizi wa Msimamizi wa Uchaguzi, kwa niaba ya ofisi nzima