Pale Pasipo na Sauti Kwenye Wimbo wa Sita

Benchi ni la mbao, limeegemea ukuta wa duka la santuri la Yost, hatua chache tu kutoka uwanja wa katikati ya mji wa Wilkes-Barre, na kila Ijumaa inapotoka albamu ya watu wa hapa, wenye benchi lao hufika asubuhi na kahawa zao za vikombe vya karatasi na boksi moja la donati, Yost anaacha mlango wazi makusudi ili wasikilize, halafu wanabishana mpaka kahawa ipoe. Sheria ya benchi ni moja. Aliyeitengeneza albamu, kama yupo, haruhusiwi kuieleza mpaka kila mtu aseme lake. Na leo sheria hiyo ilimfaa Danika Wasko kuliko mtu mwingine yeyote, maana albamu ilikuwa ya bendi yake, Harrow Lane, ambamo Tobin ndiye anayeimba zile sehemu tamu na yeye Danika ndiye wa mayowe, yale mayowe yanayotoka tumboni mpaka watu wa mbele wanashikana mabega. Alikuwa amekaa pembeni, mguu mmoja unasukuma kigari cha mtoto mbele nyuma, mbele nyuma, mtoto Emmet wa miezi mitano macho yamemtoka, na simu ameificha chini ya blanketi la mtoto kama vile ikikaa humo haitakuwa na habari yoyote. Lakini habari alishaisoma. Curt wa ngoma alikuwa ameandika: kesho kwenye ukumbi wa wazima moto unapanda jukwaani au hupandi, nijibu kabla ya saa tano, usipojibu nampigia yule jamaa wa Allentown ashike nafasi yako, na akija huyo atakuja kwa ziara nzima.

Sasa ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

— Haya, wimbo wa sita, alisema Chale. Huyu ni mchora tatuu, jina lake Rhys Pugh, ila hata mama yake siku hizi anamwita Chale. Akaendelea: Ngoma zinapiga, gitaa linalia, mambo yanapanda, yanapanda, na wewe unajiandaa kabisa kwa yowe la Danika. Halafu hamna kitu. Sekunde ishirini vyombo vinapiga peke yao. Mimi nasema wamelainika. Wanataka nyimbo zao zipigwe supamaketi, watu wakichagua matango.

— Usimsingizie mtoto wa watu, alisema Loretta, anayeendesha basi la shule na kwa hiyo anaitwa Mama Basi. Albamu inaitwaje? Kabla Maji Hayajapanda. Basi hayo ni mafuriko ya hapa mjini ya mwaka sabini na mbili. King'ora kililia, kililia, halafu kikakata. Marehemu baba alikuwa akisema kilikata sekunde ishirini kamili.

— Baba yako alizihesabu?

— Baba yangu alikuwa juu ya paa la nyumba, Chale. Alikuwa na nafasi ya kuhesabu.

Danika alicheka, akajishangaa kwamba amecheka. Ndiyo maana alikuja. Nyumbani angebaki na ile simu wawili tu.

— Nyote hamsikii, alisema mzee Stan Yablonski, fundi bomba mstaafu, ambaye benchi zima linamwita Bomba. Sauti ipo. Ipo juu mno, sikio la binadamu haliifikii. Leo alfajiri nimeuweka huo wimbo kwenye simu, ulipofika pale tu mbwa wangu akanyanyuka akaenda kujikunyata chini ya kitanda.

— Mbwa wako anaingia chini ya kitanda mtu akikohoa, mzee.

— Nani akohoe? Naishi peke yangu.

— Basi ni ujumbe kwa mbwa, alisema Mama Basi. Danika, mwanangu, umewaambia nini mbwa?

— Usimuulize, alidakia Chale. Sheria.

— Simuulizi, namsalimia.

Bomba aliinamia kikombe chake, na alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, ya mtu anayeongea habari za kazi yake.

— Au niseme hivi. Ukijenga nyumba na mwenyewe hana hela ya choo cha pili, unafanyaje? Unamwachia bomba ukutani, umeliziba mdomo. Linakaa. Miaka inapita. Siku akiwa tayari, anakuta bomba linamsubiri. Pale kwenye wimbo wa sita kuna bomba limezibwa, nakwambia.

Mguu wa Danika ulisimama juu ya gurudumu la kigari.

— Linasubiri nini? aliuliza Chale.

— Matangazo ya bia, alisema Bomba. Wameshauza hizo sekunde.

Wakaangua kicheko, wakaanza kubishana ni bia gani, na Danika akarudi kusukuma kigari, ila sasa kwa haraka zaidi. Maana mzee alikuwa amefika mlangoni pa ukweli kabisa, kidogo aingie. Walirekodi akiwa na mimba ya miezi saba. Nyimbo tano alizipiga vizuri, ya sita alipofika mahali pale alifungua mdomo, akamsikia mtoto anageuka tumboni, na yowe halikutoka. Si koo, koo lilikuwa zima. Yeye amekulia kwenye nyumba ya kufokeana, mama anafoka, baba wa kambo anafoka, sahani zinafoka, na yowe la jukwaani ndilo lililomponya, hilo analijua, lakini siku ile mbele ya kipaza sauti aliwaza, huyu humu ndani atajuaje tofauti? Atajua tu kwamba mama yake anapiga kelele. Wakakubaliana wapaache wazi, atarudi kupajaza. Hakurudi. Albamu ikaenda kiwandani hivyo hivyo, na tangu siku hiyo, miezi saba na zaidi, hajapiga yowe hata moja, hata kwenye gari madirisha yakiwa yamefungwa.

Saa nne na dakika arobaini na tano. Angemjibu Curt hapana. Hapana ni fupi, haiumi sana ukiiandika haraka. Aliingiza mkono chini ya blanketi.

— Samahani, hapa ndipo kwa Yost?

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, kavaa sare ya wahudumu wa nyumba ya wazee, uso wa mtu aliyetoka zamu, na kifuani kibandiko cha jina: Yadira. Mkononi alikuwa na karatasi ya maneno ya nyimbo, ile inayokuja ndani ya santuri, imekunjwa mara nne.

— Ndipo, alisema Mama Basi. Karibu, donati imebaki ya jeli.

— Asante, mama. Nimetoka Hazleton, santuri yangu ilikuja na posta jana. Nimeambiwa hapa mtu atakuwa anajua. Kesho nitakuwa pale mbele. Akaikunjua karatasi, akaweka kidole, akaendelea: Hapa wimbo wa sita wameacha mistari minne mitupu. Sasa, sisi tunaimba nini?

— Sisi nani? aliuliza Chale.

— Sisi wa chini ya jukwaa. Si ndiyo nafasi yetu tumeachiwa? Mwimbaji akimalizia anatugeuzia kipaza sauti, sisi tunadaka. Nyimbo zote nimeshika maneno, hapa tu ndiyo sina.

Chale alimtazama Bomba. Bomba akamtazama Mama Basi. Miaka yote hiyo ya kusimama mbele ya majukwaa, kudaka kipaza sauti, kupandiana migongoni, na hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba pale ni pao.

— Kila mtu ameshasema lake, alisema Mama Basi polepole. Sheria imekwisha, mwanangu.

Danika aliyajua maneno. Aliyaandika mwenyewe, hakuwahi kumsomea mtu.

— Usizime taa, alisema chini chini. Huo ndio mstari wa kwanza. Usizime taa, niko njiani.

— Unaimbwa hivyo hivyo?

— Hapana.

— Basi nionyeshe, nisije nikakosea mbele za watu.

Alimtazama Emmet. Emmet alikuwa anamtazama. Danika akasimama, akageuza uso upande wa barabara, akashika kishikio cha kigari, na akaliachia yowe, kutoka kule chini kabisa, likapasuka katikati, likajiunga tena, mtu upande wa pili wa barabara akadondosha funguo. Kisha akageuka haraka kumtazama mtoto.

Mtoto alikuwa amekunja uso kidogo, kama mzee anayesoma gazeti. Akaitazama ile midomo ya mama yake. Akatoa sauti ndefu, nyembamba, ya kujaribu, akasubiri.

— Anakujibu, alisema Chale.

Danika akatoa simu, akamwandikia Curt asimpigie mtu wa Allentown. Halafu akasogea, akampa Yadira nafasi kwenye benchi, akamwomba Yost kalamu.

— Kaa, mdogo wangu. Bado mitatu.