Betri Niliyoazimwa Cato Manor

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mlio nyuma kule karibu na mlango, asifiwe tena!

Mnanijua, mimi Mama Dorika, nasafisha teksi ndani pale renki, kituo cha teksi cha Pinetown. Soketi hakuna pale. Mkate wa watoto wangu unatoka kwa mashine yangu ya kufyonza vumbi, ile ya betri. Basi ikaanza kunifia mkononi. Naiwasha, inanguruma, kabla sijamaliza kiti cha dereva imezima. Mwenye teksi akasema Jumatatu ikiwa hivyo tena, anatafuta mtu mwingine. Eish, nililia!

Wengine wenu, siwataji, mlisema Mama Furaha ndiye ameifunga kwa uchawi, kwa sababu naye anasafisha teksi na mashine yake ni kama yangu. Mkanipa mafuta ya upako. Nikaipaka. Ikazima vilevile, ila sasa inateleza!

Nikaomba. Kisha nikaosha chujio, nikatoa nywele zilizojisokota kwenye brashi. Bado. Taa ya chaja inawaka vizuri. Sasa kinachoumwa ni mashine au ni betri? Kujua, nilihitaji betri nzima ya mashine kama yangu. Na hiyo iko kwa Mama Furaha.

Ndugu zangu, nilienda kwake Cato Manor nikagonga! Yule mnayemwita mchawi akachomoa betri yake akanipa. Nikaisukuma ndani, mashine ikanguruma mpaka paka wake akakimbia. Mashine ilikuwa nzima, betri yangu ndiyo ilikuwa imechoka.

"Dada, unaiachaka kwa chaji mchana na usiku?" akaniuliza.

Nani hapa haachi? Tangu ule mgao wa umeme tumezoea, umeme ukirudi kila kitu kinachomekwa. Yangu ilikaa hapo dirishani, juani, miaka. Joto likaimaliza.

Jumatatu aliniazima betri yake, yeye akabaki nyumbani bila kazi. Nikamaliza teksi zote! Mwenye teksi akapitisha kidole kwenye viti, akasema sharp, safi kabisa, Mama, endelea. Baadaye nikanunua betri mpya, namba zake sawasawa na za ile ya zamani, na sasa ikijaa naichomoa.

Mtumainini Mungu! Ukimwomba msaada anaweza kukutuma mlango ule ule uliokatazwa kuugonga. Leo nimekuja na Mama Furaha. Ndiye yule amesimama kule mlangoni, tangu asubuhi hakuna aliyempisha kiti.

Mama Furaha, njoo mbele. Kaa hapa pangu.