Pete ya Fundi Randa na Kilatini cha Profesa Ufagio

Benchi lile Fundi Randa alilitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye kitanda cha mteja, akalisimamisha baina ya kibanda cha kinyozi na duka la dawa, na tangu siku hiyo hajatokea mtu akalikalia akanyamaza. Alhamisi ile alikuwa amelikalia kama mgonjwa anayesubiri sindano. Mkono wa kulia umeshika kikombe cha kahawa, wa kushoto umefichwa mfukoni. Jumamosi anaoa. Mchumba wake ni fundi cherehani wa mtaa wa pili, na koti la harusi anamshonea yeye: alimpima mabega, akampima mikono, hata akamzungushia uzi kidoleni, na Randa hakuuliza kitu, maana fundi hamwulizi fundi mwenzake. Pete ameiagiza bibie kwa sonara, akamtuma Randa kuichukua. Sasa imo ndani ya kiberiti. Ila palipotakiwa kukaa pete, mkono wa kushoto, pana pengo. Msumeno wa mashine ulikula kidole kile miaka sita iliyopita. Msumeno haukumuuma kama neno la shemeji mtu, jana, mbele za watu: "Chanda chema huvikwa pete. Sasa shemeji, chanda chenyewe kiko wapi?" Watu wakacheka. Randa naye akacheka, halafu hakupata usingizi mpaka kukakucha.

— Nisaidieni jamani, akasema, akaweka kiberiti benchini kwa mkono wa kushoto, akaurudisha mfukoni. Nivae kidole gani?

Ukiwa na haraka zako, swali kama hilo usilipeleke kijiweni.

— Cha kati! akasema Wembe, kinyozi, akitoka kibandani na kitana sikioni. Kirefu, kitaonekana mpaka safu ya nyuma.

— Toba! akaruka Profesa Ufagio.

Huyu alifagia ukumbi wa chuo cha udaktari miaka ishirini na miwili, na ile picha kubwa ya mwili iliyokuwa ukutani, yenye majina ya Kilatini, aliisoma hadi akaijua kuliko anavyowajua wakwe zake. Ambayo hayakuandikwa aliwauliza walimu mpaka wakawa wanamkimbia.

— Hicho ni "medius", akasema. Wa kati. Lakini Warumi walikiita pia kidole cha aibu. Kikisimama peke yake ni tusi! Utamtukana mama mkwe siku ya harusi?

— Basi cha shahada, akasema Bi Birika, mwuza kahawa.

— "Index". Mwonyeshaji. Tena ndilo jina la mtu anayepeleka habari kwa wakubwa.

— Yaani mbea?

— Mbea haswa. Vaa hapo uone kama kila siri ya chumbani haitafika kwa shemeji.

Shemeji yule hakuhitaji msaidizi.

— Gumba je?

— Aa, "pollex"! Wasomi wanasema ni cha nguvu. Mume wa kuvaa gumbani hapigiwi kelele.

Randa akatoa mkono mfukoni, wakajaribu. Pete ikagota kwenye kucha.

— Nguvu hana, akasema Bi Birika. Lete cha mwisho.

— Hicho ni "auricularis". Cha sikio, kwa vile ndicho kinachoenea tunduni.

— Cha kutolea nta! akapiga kelele Wembe. Pete ya ndoa ndani ya nta!

— Nyamaza wewe, akasema Bi Birika. Mume wa kidole cha sikio ni mume anayesikiliza. Ningempata mimi huyo, mngeniona hapa?

Pete ikapita kidole kile bila hodi, ikaanguka, ikabingirika chini ya meza ya kahawa. Watu wazima wanne wakapiga magoti kuitafuta.

— Na kile kilichokwenda na msumeno, akauliza Randa akiwa bado chini, chenyewe kinaitwaje?

— "Anularis", akajibu Profesa kwa upole. Cha pete.

— Ndiyo hivyo, akasema Wembe. Asiyekuwepo na lake halipo.

Bi Birika akamchapa na kitambaa cha vikombe, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Randa akaiokota pete, akarudi benchini, akaiweka juu ya kiberiti, mkono wa kushoto ukarudi mfukoni. Profesa akaona sasa lazima elimu imwokoe rafiki.

— Sikilizeni! Kilatini kina neno moja tu, "digitus", la mkononi na la mguuni, kama sisi na kidole chetu. Huko ndiko lilikotoka neno dijitali.

— Wacha uongo! Saa ya dijitali ni saa ya vidole?

— Si watu walihesabia vidole!

Wakacheka hadi Wembe akalala juu ya benchi. Na hilo, msomaji, lilikuwa kweli tupu.

— Chekeni. Kama neno ni moja, kidole cha mkono kikifa, cha mguu kinarithi. Na gumba la mguu lina jina lake, "hallux".

— Maana yake?

— Asili yake hata wenyewe hawana hakika. Kwa hiyo hakina aibu, hakina umbea, hakina nta!

— Lakini kimo ndani ya kiatu!

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa, ambaye tayari amevua kiatu na anaisukuma pete kwenye dole lake mwenyewe, lililokonda kama yeye. Mnaona? Imepita!

Imepita kwenda. Kurudi ikagoma. Dole likaanza kuvimba. Wembe akaleta povu la kunyolea. Bi Birika akamshika Profesa makwapani, Wembe akavuta mguu.

— Profesa, pete hiyo ni ya Jumamosi! Randa akalia.

— Hata mimi ningependa tuachane nayo mapema!

Ndipo akatokea bibi harusi, tepu shingoni, koti mkononi.

— Hamjambo? Pete umeichukua? Iko wapi?

Profesa akaufunika mguu kwa kofia, akiwa amechelewa. Yule mama akautazama mguu, akamtazama mchumba wake, akaguna. Akatoa uzi mkobani, akapenyeza ncha chini ya pete, akauzungusha uliobaki juu ya dole, akaukaza, kisha akavuta ile ncha taratibu. Pete ikapanda juu ya uzi mzunguko kwa mzunguko, ikatoka. Akaifuta mara tatu.

— Ilikuwa inatafutiwa kidole, akasema Randa. Kushoto sina. Naogopa kukutia aibu mbele za ndugu zako.

Bibie akamwondolea kikombe mkono wa kulia, ambao jioni nzima haukuwahi kukiachia. Akakivisha pete kidole cha nne. Ikaingia bila kusukumwa, ikatulia.

— Siku ile ya koti, nilipokufunga uzi kidole hiki, ulidhani nafanya nini?

— Nilidhani unapima koti.

Akawageukia wote.

— Na ninyi wasomi, tangu lini koti likawa na vidole?

Profesa akaurudisha mguu kiatuni. Wembe akakichunguza kitana chake jino kwa jino. Bi Birika akatikisa birika, halikuwa na kitu. Randa akauweka mkono wa kulia gotini, mahali ambapo shemeji akipita ataona.