Aliyeitazama Namihulu Kutoka Juu: Maisha ya Marehemu Dominika Cyril Nampanda (1968–2024)

Ndugu wafiwa na waombolezaji, kabla hatujamkabidhi mpendwa wetu kwa udongo wa Chilangala, familia inaomba mtutegee sikio. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Winfrida. Sehemu kubwa marehemu aliisimulia mwenyewe akiwa kitandani, na aliagiza kwamba asipambwe.

Marehemu Dominika alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Chilangala, Wilaya ya Newala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Cyril Nampanda na Mama Anastasia, wakulima wa korosho na mihogo. Kama watoto wote wa huku juu, alikua akiteremka bondeni kufuata maji na kupanda tena na ndoo kichwani. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aligombana na jirani juu ya mpaka wa mashamba. Wazee walipokuwa bado wanabishana, Dominika alichuchumaa akachora mchangani mikorosho yote ya pande mbili, mmoja mmoja, pamoja na ule uliopigwa na radi. Wazee walikwenda shambani kuhakiki, wakakuta haukukosekana hata mmoja.

"Umepanda juu ya nini ukaiona yote?" jirani alimuuliza.

"Sijapanda popote, babu. Nimepita tu kwa miguu."

Ugomvi uliisha siku hiyohiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa Chilangala kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari Masasi. Mwaka 1989 alijiunga na chuo cha ardhi Dar es Salaam, akiwa msichana pekee katika darasa la watu ishirini na wawili, na mwaka 1992 alihitimu stashahada ya upimaji ramani. Mwaka huohuo aliajiriwa na halmashauri kama mpima ardhi, kwanza Newala, baadaye Masasi.

Kazi ndiyo iliyomkutanisha na mumewe. Mguu wa kifaa chake cha kupimia ulivunjika porini, akaupeleka kwenye karakana ya misheni Ndanda, ambako Ndugu Anthony Mmole alikuwa fundi. Fundi huyo aliuchomelea mguu, lakini kila baada ya wiki mbili ulivunjika tena palepale. Mara ya nne Dominika alimuuliza, "Kaka, wewe ni fundi kweli, au unataka nirudi?" Anthony alijibu kwamba yote mawili ni kweli. Walifunga ndoa takatifu Newala, Jumamosi tarehe 28 Septemba 1996, na Mungu akawajalia watoto wawili, Priska na Huruma.

Mwaka 2003 alikwenda Nairobi kwa kozi ya miezi sita ya kusoma picha za satelaiti. Barua yake ya kwanza kwa mumewe ilikuwa fupi: "Baba Priska, leo nimeliona paa letu. Lile bati lenye kutu ulilosema umelibadilisha, hujalibadilisha."

Aliacha kazi ya serikali mwaka 2011, akafungua ofisi ya chumba kimoja Masasi mjini. Wakati huo watu wengi walikuwa wanauziwa hisa katika vitalu vya dhahabu ambavyo hawajawahi kuvikanyaga: walimu, wauguzi, wafanyabiashara, hata wakulima waliotoka kulipwa korosho. Waliletewa makaratasi mazuri yakisema kambi ipo, mtambo upo, uchimbaji unaendelea. Kwa kila aliyemjia nayo, marehemu alizifungua picha za kitalu husika, za mwezi ule na za miaka ya nyuma, akaziweka sambamba na kutazama. Je, barabara imekatwa? Udongo umegeuzwa? Mtambo una kivuli? Mwalimu Rogath, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa tayari kuweka akiba yake yote. "Mwalimu," marehemu alimwambia, "huu mtambo wako ni ghala la korosho. Lipo hapo tangu mimi sijaolewa." Watu wa namna hiyo aliowaokoa ni wengi, na familia inaamini Mungu anawajua kwa majina.

Ila marehemu hakutaka tusome hayo peke yake.

Mwanzoni mwa 2017 alifika ofisini mtu aitwaye Nickson, mwenye leseni ya kutafuta dhahabu katika kilima cha Namihulu, magharibi ya Masasi. Alitaka tathmini ya kuwaonyesha wawekezaji wake. Marehemu aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Aliandika kwamba miamba ya kilimani ina rangi ya kutu na mawe meupe, dalili ambazo kwingine huandamana na dhahabu, akaziwekea alama nyekundu kwenye ramani. Chini yake aliandika kwamba picha haiwezi kuona dhahabu, na kwamba asichimbe mtu yeyote kabla mtaalamu wa miamba hajafika. Nickson aliondoka na ramani, akakata maneno ya chini. Ile ramani yenye alama nyekundu ikaanza kupita mkono kwa mkono na simu kwa simu, mpaka ikavuka wawekezaji na kuwafikia watu wenye majembe na sururu.

Marehemu aliyaona yote kutoka juu. Picha ya Juni ilionyesha mashimo matatu. Ya Agosti, arobaini. Kufikia Oktoba yalikuwa zaidi ya mia, yakiteremka kutoka kilimani kuelekea kijito, huku mashamba ya vijiji vya jirani yakiwa hayana mtu wa kuokota korosho. Mashimo yalifuata alama zake, nyekundu kwa nyekundu. Alimpigia Nickson simu.

"Mama, hao si watu wangu," Nickson alisema. "Ni wavamizi."

"Wamevamia kwa ramani yangu."

"Basi kawatoe wewe."

Jumamosi, tarehe 25 Novemba 2017, alikwenda. Alimkuta kijana mmoja aitwaye Mahmudu akipumzika mdomoni mwa shimo, na mkewe, Ziada, akiwapikia wachimbaji ugali. Marehemu aliwaambia mvua imekaribia, kwamba udongo wa kando ya kijito haushiki, watoke.

"Shikamoo mama, na ahsante," Mahmudu alisema, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika. "Lakini hii imechorwa na mtaalamu wa Masasi. Anaona mpaka chini ya ardhi."

"Picha haioni chini ya ardhi, mwanangu."

"Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Aliiona sahihi yake mwenyewe kwenye kona ya karatasi, nusu imefutika kwa jasho. Watu kama kumi walikuwa wamesogea kusikiliza, wamechoka, wana njaa, wana matumaini. Aliona aibu, na aliogopa.

"Nimesikia tu," alijibu.

Mahmudu alicheka kwa heshima, akarudi shimoni. Marehemu alirudi Masasi. Alisema mara nyingi kwamba maneno hayo mawili ndiyo aliyoyabeba maishani kuliko mzigo mwingine wowote.

Mvua ilinyesha Ijumaa, tarehe 8 Desemba, mchana. Kijito kilifurika, mashimo ya kando yakabomoka moja ndani ya jingine. Watu sita walifukiwa. Wawili walitolewa jioni ileile, wamekwisha kufa. Tope lilipotulia, sehemu yote ilikuwa tambarare, na hakuna aliyeweza kusema shimo gani lilikuwa wapi. Walichimba siku tatu kwa kubahatisha, kisha wakaacha.

Siku ya nne marehemu alipata picha iliyopigwa asubuhi ya ile siku ya maafa, saa nne na nusu, kupitia upenyo wa mawingu. Mashimo yote yalionekana, maturubai ya bluu yametandazwa juu, na pembeni vivuli vidogo vya watu waliosimama. Alikaa mbele yake kutwa nzima. Mumewe alipomletea chai alimwambia, "Baba Priska, hapa bado wazima."

Alhamisi, tarehe 14, aliichukua ile picha na kifaa chake cha kupimia, akaenda Namihulu. Alianzia kwa Ziada, aliyekuwa amekaa eda kwenye kibanda cha dada yake.

"Mimi ndiye niliyeichora ile ramani," alimwambia kabla hajakaribishwa kuketi.

Ziada hakupiga kelele. Aliuliza, "Siku ile ulikuwa unajua kuwa ni yako?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa aibu."

"Mume wangu angekusikiliza," Ziada alisema. "Alikuwa mtu wa kusikiliza." Kisha aliomba aonyeshwe picha. Aliitazama kwa karibu, kidole kikitembea polepole, mpaka kikasimama kwenye doa moja jeusi kando ya turubai. "Huyu hapa. Ndivyo anavyosimama. Huyu ni Mahmudu."

Marehemu alilijua doa lile. Lilikuwepo kwenye picha za mwaka huo, na za mwaka wa nyuma, na za miaka miwili kabla. Alitusimulia kwamba hajawahi kutamani kusema uongo kama alivyotamani wakati ule, na kwamba uongo huo ungeonekana kuwa huruma.

"Hapana, mama," alisema. "Hicho ni kisiki. Mahmudu atakuwa chini ya turubai hili. Simwoni."

Ziada alilia hadi akaishiwa sauti. Alipoweza kusema alisema, "Sasa nakuamini. Nenda ukamtafute."

Marehemu alipima kutoka kwenye miamba isiyohama, akapigilia vigingi juu ya tope mahali picha ilipoonyesha midomo ya mashimo. Wanaume walichimba penye vigingi. Katika siku nne walipatikana watatu. Mahmudu alikuwa wa pili, akazikwa kwa taratibu za dini yake, jamaa zake wote wakiwapo. Mmoja hakupatikana, ingawa kila kigingi kilichimbwa mpaka maji.

Nickson alikwishaondoka, na mpaka leo hajulikani aliko. Marehemu hakuondoka. Aliandikisha maelezo yake polisi, akasema ramani ni yake na kimya kilikuwa chake. Ile picha ya asubuhi aliibandika ukutani ofisini, pale ambapo wengine huweka kalenda, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Hiyo ni asubuhi ya watu sita." Baadhi waliinuka wakaenda zao. Mwaka 2019 alianza kuzunguka vijijini, Masasi mpaka Newala, akiwaonyesha watu kwenye mikutano picha inaona nini na haioni nini. Hakutoza chochote. Kila mkutano aliuanza kwa kutaja jina lake na jina la Namihulu.

Lakini amani hakuipata. Huku kwetu mvua ikigonga bati watu hukimbilia kutega ndoo na mapipa, wakishangilia. Yeye alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwa mvua. Siku moja, mchana kweupe, mumewe alimkuta shambani amesimama katikati ya mikorosho, kapu limeanguka. Alisema amewaona wale sita wamejipanga, wamegandwa na tope jeupe mpaka kwenye kope.

"Wanasema nini?" Ndugu Anthony aliuliza.

"Hawasemi kitu. Wananisubiri niseme mimi."

Yule ambaye hakupatikana aliitwa Yeremia. Mama yake, Bi Brigita wa Tandahimba, alikuwa anapiga simu mara moja kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, maana ndipo udongo wa Namihulu huhama. Mazungumzo yao hayakuzidi dakika moja.

"Mama Priska, umemwona?"

"Bado, mama. Namtafuta."

Na alikuwa akimtafuta kweli. Kila picha mpya ya Namihulu aliikagua kipande kwa kipande, na mara tatu alisafiri kwenda kupigilia kigingi kipya.

Kisukari kilimwanza mwaka 2020, kikagusa macho. Kufikia 2023 hakuweza tena kusoma picha, hivyo Ndugu Anthony alikaa pembeni yake akimweleza anachokiona, naye akiuliza, "Kivuli kimeelekea wapi? Kingo zake ni kali au zimelegea?" Figo zilishindwa Oktoba mwaka huu, akalazwa Ndanda, ambako wauguzi na madaktari walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Jumatatu, tarehe 25 Novemba, mvua ya kwanza ilinyesha. Simu ililia, Priska akamshikia mama yake sikioni.

"Bado, mama," marehemu alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi macho yameisha. Nisamehe. Sitaweza tena."

Hatukusikia Bi Brigita alijibu nini. Tuliona tu marehemu akitikisa kichwa kukubali, na machozi yakimtoka. Baadaye alimwita Winfrida, akampa agizo litakalosomwa mwishoni mwa wasifu huu. Alifariki Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 56, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Marehemu ameacha mume, Ndugu Anthony Mmole, watoto wawili, Priska na Huruma, wajukuu watatu, mama mzazi, Mama Anastasia, na ndugu zake watano. Bi Ziada na jamaa zake wamefika kutoka Namihulu tangu jana, wakaketi na familia, nasi tunawahesabu miongoni mwa wafiwa. Bi Brigita naye yupo, ameketi mstari wa mbele.

Agizo la marehemu lilikuwa hili: "Siku mtakaponisomea mimi, msomeeni na Yeremia. Hajawahi kusomewa." Marehemu mwenyewe alimpigia Bi Brigita kuomba ruhusa, akamwambia aseme anachotaka kisemwe. Kwa hiyo tunasoma.

Yeremia Dickson Chitanda alizaliwa Tandahimba mwaka 1979, mwezi wa pili. Tarehe mama yake haikumbuki, ila kulikuwa na mvua. Alisoma mpaka darasa la saba. Alikuwa fundi uashi, na nyumba tisa alizozijenga zimesimama mpaka leo. Alipenda kuimba akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, na sauti hakuwa nayo. Hakuoa, lakini alikuwa na mchumba. Aliondoka nyumbani Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2017, akisema Krismasi atakuwa amerudi. Alifariki Namihulu tarehe 8 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 38. Ameacha mama mzazi, Bi Brigita.

Dominika, binti Cyril, na Yeremia, mwana wa Brigita: Mungu awapokee wote wawili siku hii ya leo, nao wapumzike.